Gegedu, kimo na mkono uliovimba

Binti yangu wa miaka 12 kampita kimo kaka yake wa miaka 13. Kaka mtu hataki hata kupiga naye picha. Kuna tatizo? (Mama, Wete)

Hakuna, dada yangu. Wasichana hubalehe mapema, hurefuka mapema, hukoma mapema. Kaka mtu avute subira.

Mfupa mgumu vile unarefukaje? (Mwanafunzi wa skuli, Chake Chake)

Mfupa wenyewe hauvutiki, mwanangu. Karibu na ncha zake pana bamba jembamba la gegedu, jamii ya kile kitu cheupe unachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Humo seli hugawanyika, moja ikawa mbili, na mwanzoni pacha hao hulala ubavu kwa ubavu. Zingebaki hivyo, bamba lingepanuka tu. Lakini hugeuka taratibu, moja ikapanda juu ya mwenzake, hata zikapangana kama chapati kwenye sahani. Zilizo upande wa katikati ya mfupa huacha kugawanyika, zikavimba mara 10 au zaidi. Kuvimba huko ndiko kunakosukuma zaidi, ingawa sifa zote hupewa kugawanyika. Kisha gegedu hushika chokaa, mishipa ya damu ikaingia, na mfupa ukajengwa hapo. Kwenye paja, kiasi cha asilimia 70 ya urefu hutoka ncha ya gotini.

Nina miaka 23. Vidonge vya kurefusha vinafaa? (Kijana, Darajani)

Homoni ya estrojeni, ambayo hata sisi wanaume tunayo, hufunga mabamba hayo balehe inapokwisha. Hamna tena seli za kugawanyika humo. Pesa hiyo kanunulie samaki.

Mjukuu wangu wa miaka 10 kaanguka mkarafuuni, kifundo cha mkono kimevimba. Vidole vinacheza, jirani anataka kumkanda. (Bibi, Mkoani)

Shikamoo bibi. Asikandwe! Kwa mtoto, bamba la gegedu ni dhaifu kuliko kano za kiungo, kwa hiyo kinachoonekana ni kuteguka huenda ni bamba lililovunjika. Vidole kucheza si ushahidi. Ufungeni mkono kwa kibao, apelekwe hospitali leo akapigwe eksirei. Ikitoka safi naye bado analia ukimbonyeza palepale, mrudisheni, maana gegedu halionekani kwenye picha hiyo. Wengi hupona vizuri. Wachache bamba huziba upande mmoja, mkono ukakua mshazari, na hilo hujitokeza baada ya miezi. Kwa hiyo hata akipona, tarehe ya kurudi kliniki msiiache.