Vyumba vyangu vinapungua sentimita 5 nikihamia 3D

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchora ramani za nyumba, nipo Buswelu hapa Mwanza. Nimezoea AutoCAD ya 2D, yaani michoro bapa ya mistari, na wateja wangu wengi wanajenga milimani. Siku hizi wanataka waione nyumba kwanza kabla ya kutoa hela, kwa hiyo nimeanza kujifunza Revit, programu ya kuunda jengo zima kwa 3D. Nikipandisha kuta juu ya ramani yangu, kila chumba kinapungua sentimita 5. Nikiingiza ramani ya kiwanja kutoka kwa mpima ardhi, mistari inachezacheza na kukatikakatika. Je, niendelee na Revit, nihamie SketchUp, au nijifunze 3D ndani ya AutoCAD hiyohiyo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hizo sentimita 5, maana ndani yake kuna sehemu kubwa ya jibu lako.

Ramani zetu nyingi zina ukuta wa milimita 150, yaani bloku ya inchi 6. Bila shaka umetumia ule ukuta wa jumla wa milimita 200 unaokuja na programu, ukaupitisha katikati ya mistari yako miwili. Umezidi milimita 25 kila upande. Chumba kina ukuta huku na huku, kwa hiyo kinapoteza milimita 50. Kabla hujachora chochote, tengeneza aina yako ya ukuta: bloku 150, plasta 15 ndani, plasta 15 nje, jumla 180. Kisha kwenye kipengele cha Location Line, yaani mstari unaoupangia ukuta, chagua uso wa bloku, wala si mstari wa katikati, kwa sababu fundi akipima msingi anapima bloku. Plasta inakuja baadaye.

Umeona tofauti ilipo? Kwenye 2D mistari miwili ni ukuta kwa sababu wewe na fundi mmekubaliana hivyo. Kompyuta yenyewe inaona mistari tu. Revit inakudai useme kitu ni nini, kimejengwa kwa nini, kinaanzia kimo gani na kinaishia wapi. Ndiyo maana wachoraji wazoefu wanahangaika nayo mwanzoni: wanatafuta amri ya kuchora mstari, wakati programu inasubiri uamuzi.

Kwa sababu hiyohiyo sikushauri 3D ya AutoCAD kwa nyumba. Kama unatumia AutoCAD LT, lile toleo lake dogo, hiyo haina kabisa zana za kuunda 3D. AutoCAD kamili inazo, lakini tofali kubwa utakaloliunda humo halijui kwamba ni ukuta. Ukihamisha dirisha, utarekebisha mwenyewe plani, mwonekano wa mbele na mkato. Programu ile ilitoka mwaka 1982 kuchukua nafasi ya meza ya kuchorea, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana mpaka leo. Revit, iliyotoka mwaka 2000, ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya majengo: unajenga modeli moja, michoro yote inakatwa kutoka humo. SketchUp ni nyepesi na inajifunzika haraka. Itumie mkiwa mmekaa na mteja mnabishana umbo la paa. Michoro ya ujenzi itoe kwenye Revit.

Sasa ramani ya mpima. Wapima wetu hutumia viwianishi vya UTM, yaani namba za mita zinazoonyesha mahali kilipo kiwanja duniani, na Mwanza ipo kanda ya 36 kusini. Fungua faili lake uangalie: namba ya kaskazini inakaribia mita 9,720,000. Maana yake, kwa hesabu ya kompyuta kiwanja chako kipo zaidi ya kilomita 9,000 kutoka sifuri, na Revit huanza kulalamika mchoro ukivuka maili 20 tu. Mistari inacheza kwa sababu hiyo. Nakili faili, kisha ndani ya AutoCAD hamisha kila kitu ili bikoni moja, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, ikae kwenye sifuri. Andika pembeni viwianishi halisi vya bikoni hiyo, utavihitaji baadaye. Usiguse vimo. Halafu uilete ndani ya Revit kwa Link CAD, amri inayoiunganisha tu kama faili la nje, usiiingize moja kwa moja, kwa maana ukiiingiza na kuivunja utabaki na takataka za mistari kwenye modeli yote. Mwombe pia mpima akupe kontua, ile mistari ya miinuko ya ardhi, zenye vimo halisi. Mara nyingi tunapewa kontua zilizolala zote kwenye sifuri, kimo kikiwa maandishi tu pembeni.

Hapo ndipo 3D inapomlipa mchoraji wa Mwanza kuliko wa mji wa tambarare. Chukua nyumba yenye kina cha mita 12 kwenye mteremko wa 1 kwa 5, kama ilivyo sehemu nyingi za Isamilo au Igogo. Tofauti ya ardhi mbele na nyuma ni mita 2.4. Hizo ni kama kozi (safu) 10 za bloku chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, upande mmoja tu. Kwenye 2D wengi wetu tunachora ardhi kwa mstari mmoja ulionyooka, halafu mwenye nyumba anakutana na kozi hizo pesa ikiwa imeisha. Modeli itakuonyesha msingi unapopaswa kushuka kwa hatua, ukuta wa kuzuia udongo, ngazi ya kuingilia, na kama maji taka yatateremka yenyewe hadi kwenye shimo. Jiwe kubwa lililo kiwanjani liweke pia, hata kama bonge tu lenye upana na kimo ulichopima. Mteja ataamua mapema kama linavunjwa au nyumba inalizunguka.

Kwa mazoezi, usibuni nyumba mpya. Chukua uliyokwisha kuchora na ikajengwa, nenda na futi ukapime. Anza na vimo: ardhi, jamvi, linta ya juu ya milango na madirisha, mkanda wa zege, paa. Kuta zifuate, kisha paa, na pale mapaa mawili yanapokutana kaa hapo mpaka uelewe. Picha za kung'aa ziache kwanza. Zinakula muda, na zinaficha makosa.

Kompyuta iwe ya Windows, RAM GB 16, diski ya SSD. Zoea kuhifadhi kwa mkono, kwa sababu Revit hukukumbusha tu, na umeme wetu unaujua. Kama umesajiliwa chuoni, Autodesk, kampuni yenye AutoCAD na Revit, hutoa leseni ya wanafunzi bure, lakini ni ya kujifunzia, si ya kazi za kulipwa. Nakala za wizi ziogope, nyingi hukulazimisha kuzima ulinzi wa kompyuta. Kama leseni inakushinda, FreeCAD ni ya bure hata kwa kazi, na ina zana za majengo. Na kabla hujaanza kazi ya mteja, muulize mhandisi wako anatumia Revit ya mwaka gani: faili likishahifadhiwa kwa toleo jipya, kwenye la zamani halifunguki tena.