Nakesha na futinoti za watu, niwache?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko mwaka wa pili nasoma sheria hapa Mombasa. Kuna jarida la sheria twaliendesha sisi wanafunzi wenyewe, nikafurahi sana kuingia, lakini tangu niingie kazi yangu ni kukagua futinoti tu, yale maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja kesi na vitabu, tena za makala ya watu wengine, mpaka saa nane usiku. Makala yangu nayo alipewa mwanafunzi wa mwaka wa nne akairudisha imejaa wino mwekundu. Baba asema napoteza wakati na mitihani yaja. Niwache? — Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha. Usiwache.

Hizo futinoti ndio shule yenyewe. Chukua kesi ya Muruatetu ya 2017, mpaka leo utasikia watu wasema Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya kifo Kenya, na haikufuta, ilichokataa ni ile sheria ya kumlazimisha jaji atoe kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua, na hata mahakama za chini zikaanza kuitumia kwa wizi wa mabavu na makosa mengine mpaka 2021 Mahakama ya Juu yenyewe ikabidi ieleze kwamba ilizungumzia mauaji peke yake. Sasa mwandishi akikuletea sentensi kama hiyo, ni wewe na saa nane yako ya usiku utakayefungua hukumu, usome aya yenyewe, umwambie hapa sivyo. Mwanafunzi aliyezoea hivo hatakuja kusimama mbele ya jaji na kesi hajaisoma.

Kuhusu huyo wa mwaka wa nne, najua yauma. Lakini hata Marekani majarida makubwa ya sheria ni wanafunzi wanaoyahariri, la Harvard tangu 1887, na makala za maprofesa wao huzichagua na kuzisahihisha vilevile. Obama alichaguliwa rais wa jarida hilo 1990 akiwa bado mwanafunzi. Wewe pitia ule wino mstari kwa mstari, pale alipobadilisha maneno tu bila sababu muulize, una haki ya kuuliza.

Alafu andika kitu cha hapa kwetu. Owino Uhuru iko hapo Jomvu, watu waliumizwa na madini ya risasi ya kiwanda cha betri kuukuu, 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha 2024. Hukumu zasomwa bure kwa tovuti ya Kenya Law, na wenyewe unaweza kwenda kuwasikiliza kwa matatu tu.

Baba naye ana haki ya kuhofia mitihani. Muombe mhariri mkuu ruhusa ya wiki za mitihani, na umuombe sasa, sio siku mbili kabla. Toleo likitoka mpelekee baba nakala, umfungulie ule ukurasa wa mwanzo wenye majina ya wahariri.