Bolingi ukiwa mbali na leni: mazoezi ninayofanya nyumbani Mabatini

Mkuu uliyeuliza unafanyaje mazoezi ya bolingi, huu mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini kumi, wakati wewe upo Nyegezi na leni, ile njia ya kuchezea, unaikanyaga ukienda Dar tu, tena baada ya miezi mitatu, na kila ukifika unakuta mkono umesahau kila kitu, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hilo tatizo nimelala nalo na kuamka nalo. Mimi naishi Mabatini hapahapa Mwanza, huku juu kabisa kwenye mawe, kazi inanipeleka Dar mara nne au tano kwa mwaka na huko ndo nachezea. Siku zingine zote ni nyumbani, uani, na familia inanitazama.

Kwanza nikuepushe na kosa langu. Nilidhani bolingi ni nguvu, basi miezi mizima nikawa jimu nanyanyua vyuma, mkono ukajaa kweli. Nikaenda Dar nikachukua mpira wa paundi 14 nikawa nausukuma kwa hasira zote, unaishia mtaro wa pembeni ya leni, wa kushoto, nikirekebisha unaishia wa kulia, jioni bega likagoma hata kuvua shati ni shida. Kuna mzee alikuwa leni ya pembeni, mtu wa taratibu sana, akanisogelea akaniambia "kijana wangu, huo mpira una kilo sita na ushee, kushuka unajua wenyewe, wewe usiusumbue njiani." Nilirudi Mwanza na hayo maneno na mazoezi yangu yote nikayapanga upya kuanzia hapo.

Na ukipiga hesabu utaona mzee alikuwa na haki. Kutoka mstari wa faulo, ule usiotakiwa kuuvuka ukiachia mpira, mpaka pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Mkono ukienda upande digrii moja tu, mpira ukifika kule umeshapotea kama sentimita 32, na pini yenyewe pale tumboni ni sentimita 12 hivi. Sasa nguvu itakusaidia nini hapo? Kinachotakiwa ni mkono unyooke, ushuke na kupanda kwenye njia ileile kila mara kama pendulamu ya saa ya ukutani, na hicho hakihitaji leni kabisa.

Chukua dumu la lita 5, yale ya mafuta ya kula yenye mkono. Ukilijaza maji ni kilo tano, sawa na mpira wa paundi 11, lakini usianze nalo limejaa, weka maji nusu na kifuniko ukikaze. Angalia pia mkono wa dumu, kama limepauka na jua achana nalo, yanakatika ghafla. Simama bega la kulia likiwa karibu na ukuta, ubaki upenyo wa kama kiganja kati ya dumu na ukuta, inama kidogo, legeza bega, halafu liinue mbele mpaka usawa wa kiuno na uliachie lishuke lenyewe lirudi nyuma. Usilivute. Ukuta utakwambia kama unapinda maana dumu litakwaruza. Ila mwalimu mwenyewe ni yale maji mkuu, sikiliza, dumu likibembea kwa uzito wake maji yanatulia humo ndani kama hayapo, ukilisukuma tu au ukikaza kiwiko unasikia yamepiga, chubwi. Wiki mbili za mwanzo mimi nilikuwa nasikia chubwi kila nikirudisha mbele, nikagundua ndo palepale nilipokuwa naongeza nguvu bila kujijua. Yalipokuja kunyamaza hata bega liliacha kuuma. Piga thelathini asubuhi na thelathini jioni, yakinyamaza wiki nzima ongeza maji.

Miguu. Hatua nne kwa anayetumia mkono wa kulia, kulia kushoto kulia, ya mwisho ya kushoto unateleza nayo. Mimi nafanyia sebuleni kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa, mguu wa kushoto navaa soksi, wa kulia peku, ili wa kushoto uteleze na wa kulia ushike. Mkono unaanza kusogea pamoja na hatua ya kwanza, watu wengi wanachelewesha afu wanaufukuzia mwishoni na hapo ndo bega linaingia. Hesabu kwa sauti moja mbili tatu nne na mkononi usishike kitu mwezi mzima, dumu na kuteleza kwa pamoja ni kuvunja kitu au kuvunjika wewe. Ukimaliza kuteleza ganda hapohapo, goti la kushoto limekunjwa, mguu wa kulia umepita nyuma kwa pembeni, hesabu mpaka tano. Ukiyumba kabla ya tano basi hata kwenye leni ulikuwa unayumba.

Mazoezi ya mwili sitasema mengi. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja umeshika kiti, kuganda kifudifudi kwa viwiko na vidole, na kukamua taulo lililoloa kwa ajili ya kiganja. Wa Mabatini tunapanda mawe na ndoo kila siku kwahiyo mapaja yapo, wewe wa Nyegezi tafuta mlima hata mara tatu kwa wiki.

Sasa shabaha, hii ndo naipenda kuliko zote. Chupa kumi za maji za lita moja na nusu, tia mchanga kidogo chini, zipange pembetatu ukiacha sentimita 30 toka katikati ya chupa hadi katikati ya nyingine, ndo nafasi ya pini zenyewe. Upana wa leni chora kwa chaki, sentimita 105. Halafu mita nne na nusu mbele ya mstari wako weka kandambili mbili ziachane kidogo kuzidi mpira, hizo ndo mishale yako, maana kwenye leni mishale saba ya kulengea imechorwa umbali kama huo. Mpira wa kikapu uliochoka unatosha. Unaangalia kandambili, chupa usiziangalie kabisa mpaka mpira upite katikati. Wanangu wanasimama pembeni kama waamuzi, nikiinua macho mapema wananipigia kelele "baba umeangalia!" na wanakuwa na haki.

Na usipange kumi kila mara. Acha moja tu, ile ya kona ya kulia nyuma, pini ya 10, wewe simama kushoto na uvushe mpira kimshazari. Watu wanaota straiki, yaani zote kumi kwa mpira mmoja, lakini ukiangusha tisa kila raundi kwa raundi zote kumi na kumalizia spea zote, yaani ile iliyobaki kwa mpira wa pili, na ule mpira wa nyongeza wa mwisho ukaangusha tisa pia, unapata 190 bila straiki hata moja. Sisi wa kucheza kwa msimu tukiwa na spea tunatisha.

Kuna vitu viwili nyumbani havifundishiki. Mafuta, maana leni inapakwa mafuta na mpira unateleza kwanza ndo unashika kuelekea kwenye pini, na yanahama kadiri watu wanavyocheza, kwahiyo gemu ya kwanza ukifika usihesabu pointi, angalia tu mpira unashikia wapi. Na tundu la dole gumba, chagua mpira ambao gumba linatoka bila kubana wala kupwaya, hata kama itabidi ushuke paundi mbili, ukibana tundu haya ya dumu yote yanakufa.

Ukitoka Dar safari hii rudi uniambie hapahapa pini ya 10 imekuaje, kama bado inakusumbua nitakuelekeza pa kusimama, nina namna nyingine ila inataka kwanza mkono uwe umetulia.