Msomaji Aliyekataa Kumlilia Zuhura

Juzi hadithi yangu ya kwenye simu imefika sehemu ya 40, na kwa mara ya kwanza watu wamelipia kabla sijawakumbusha. Shilingi 1,000 kila mmoja. Nacheka peke yangu, ila mwaka jana hadithi hii hii ilishakufa.

Iliuawa na ujumbe mmoja, saa tano usiku: "Dada, hongera kwa kazi, lakini huyo Zuhura hata akigongwa na treni kesho, mimi nalala." Niliumia, na bado naumia. Nilikuwa nimemtesa Zuhura kumzidi Ayubu: mafuriko, kufukuzwa kazi, mchumba kuoa shoga yake, bodaboda kumvunja mguu. Nilidhani mikosi ikiwa mingi ndiyo taharuki. Kumbe namrushia mawe tu, naye kasimama pale pale, hajaamua chochote.

Nikafuta sehemu 11. Nikambakizia cherehani cha marehemu mama yake, kile cheusi cha kukanyaga, mkanda umeungwa kwa waya, droo bado ina kipande cha chaki. Ndicho kinachomlisha. Mdogo wake kaiba hela za tajiri wake. Zisiporudi kufikia Ijumaa, polisi. Usiku ule nikamwandika Zuhura akikitia mafuta cherehani, taratibu, kama atashona kesho, na mnunuzi alishatoa neno. Sikuandika kwamba ana huzuni. (Watunzi wenzangu, acheni hayo machozi yanayotiririka kama maji ya bomba. Bomba la mtaa gani hilo?)

Kwa hiyo kabla hujamwekea mhusika kikwazo, jiulize akishindwa anapoteza nini. Halafu jiulize akishinda anapoteza nini, maana hapo ndipo utamjua ni mtu wa namna gani. Karama wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, anajitetea siku baada ya siku mbele ya mahakama, na hoja zikigoma roho inakwenda. Kesi moja tu, hakuna mafuriko. Lakini vijana mnataka wasomaji 500 kwa wiki, mnaua mtu kila sehemu, halafu mnalalamika hawalipi! Kaeni na mhusika. Mjueni anachokiogopa. Mimi sikukaa naye, nikaaibika.

Yule msomaji wa saa tano usiku karudi jana. Kaandika maneno mawili: "Dada, asikiuze."

Sijamjibu. Cherehani kiko juu ya guta tayari.