Jaketi baada ya kuogelea: livae

Ndugu, umeuliza kama inafaa kupoteza muda kuvaa jaketi baada ya kuogelea mita 400 bwawani, kwenye triathloni yako ya kwanza (mashindano ya kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia) ya mwezi Aprili huko Uingereza. Nakusihi ulivae. Maji ya bwawa yamepashwa joto, kwa hiyo utatoka ukiwa umechangamka na kudhani hali ni nzuri. Lakini hewa ya nyuzi 8 za Selsiasi, ukiendesha baiskeli kwa kilomita 30 kwa saa, huhisiwa kama nyuzi 4 hivi, na hiyo ni kwa mtu mkavu, ilhali wewe umelowa. Kinachonitia hofu zaidi ni vidole, kwa sababu vikifa ganzi huwezi kufunga breki kwa uhakika kwenye mteremko. Futa mikono kwa taulo kabla ya kuvaa glavu, maana glavu haziingii kirahisi kwenye mikono yenye maji, na ujizoeze nyumbani kufunga zipu ukiwa na vidole vya baridi. Kwenye sehemu ya kukimbia, nyayo zitakuwa zimekufa ganzi; anza taratibu mpaka uzihisi tena.