Ukitetea bunge la kaunti kwenye mahakama ya leba

Kwa miaka mingi nimeongoza utetezi wa kesi za ajira za bunge moja la kaunti hapa Kenya. Mawakili wachanga wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza mambo ya mahakamani: shahidi ahojiwe vipi, maombi ya dharura yapingwe vipi. Mimi huwaambia waanze na swali jingine, nani mteja wao.

Mteja ni bunge. Si Spika anayekupigia simu saa nne usiku, wala kiongozi wa wengi, wala karani wa bunge, mkuu wa utawala wake, mliyesoma naye. Mwajiri kisheria ni Bodi ya Huduma za Bunge la Kaunti, na Spika ndiye mwenyekiti wake, viongozi wa wengi na wachache ni wanachama, karani ni katibu. Yaani uamuzi wa kumfuta kazi msaidizi wa kamati au dereva unafanywa kwenye meza ya wanasiasa. Kuna wakati utaambiwa uipambanie kesi hadi Mahakama ya Rufaa kwa sababu tu mlalamishi alimuunga mkono mpinzani wa mtu fulani. Baada ya uchaguzi inakuja bodi mpya, na faili ileile wanataka uiache ianguke, kwa kuwa aliyefutwa ni mtu wao. Ukijua mteja wako ni taasisi, jibu lako linakuwa moja mbele ya bodi zote mbili. Liandike. Ushauri wa simu hauna faida kwa mtu yeyote. Andika maoni ya kisheria kwa bodi kupitia karani, yatiwe muhuri wa kupokelewa, yakae kwenye faili.

Kesi nyingi huwa zimeshaamuliwa kabla hazijanifikia. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu inayomfanya afikirie kumwachisha kazi, na amruhusu aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama amtakaye. Kisha wote wawili wasikilizwe kabla ya uamuzi. Hata aliyekutwa na mafuta ya gari la bunge mkononi ana haki hiyo. Hapa ndipo waheshimiwa huchoka nami. "Wakili, mtu ameiba, tumsikilize nini tena?" Huwa najibu, "Mheshimiwa, kumsikiliza leo ni kazi ya asubuhi moja. Tusipomsikiliza, jaji anaweza kumpa fidia ya mshahara wa hadi miezi 12, au aamuru arudi ofisini."

Faili ikifika mezani kwako, soma tarehe kwanza. Barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze ilitoka lini, na ilimpa siku ngapi za kujibu? Ilitaja kosa lenyewe, au ilisema tu "utovu wa nidhamu"? Alipewa ripoti ya ukaguzi anayotuhumiwa nayo? Nani alikaa kwenye jopo, na yule aliyemshtaki alikuwa miongoni mwao? Kumbukumbu za kikao ziko wapi, na zimetiwa sahihi? Nimeona barua ya kufuta kazi yenye tarehe iliyotangulia kikao cha kumsikiliza mtu. Hakuna ufundi wa wakili unaoiponya barua ya namna hiyo, na ni wajibu wako kuiambia bodi hivyo mapema.

Jambo la redio nalo ni la kwetu sisi wa mabunge, mawakili wa kampuni hawalijui. Mwakilishi wadi analindwa na kinga kwa anayoyasema ndani ya bunge. Akitoka na kwenda kwenye kituo cha redio cha kijijini kutangaza kwamba "huyo tumeshamfuta", wakati mfanyakazi bado anangoja kusikilizwa wiki inayofuata, kinga haiko tena, na wakili wa upande wa pili atakuja na rekodi. Kikao chote kitaonekana ni maigizo. Mara tu mchakato wa nidhamu unapoanza, mwandikie Spika awaombe wanachama wa bodi wasilizungumzie suala hilo hadharani. Wengi husikia wakiambiwa kwa heshima, na kwa maandishi.

Hayo hayana maana kwamba bunge halina utetezi. Kifungu cha 43 cha Sheria hiyo ya Ajira kinamtaka mwajiri athibitishe sababu, lakini sababu hiyo ni ile aliyoamini kwa dhati, wakati anamwachisha mtu, kwamba ipo. Hicho si kiwango cha kesi ya jinai. Mfanyakazi kuachiliwa na hakimu katika kesi ya wizi hakumaanishi peke yake kwamba alifutwa kazi isivyo haki. Nashangaa jinsi mawakili wa serikali wanavyoisahau hoja hii. Muda pia uangalie: miaka mitatu tangu sababu ya kesi ilipotokea, na mahakama haina mamlaka ya kuurefusha. Ila pingamizi la awali, lile la kutaka kesi itupwe kabla ya kusikilizwa, usilifanye ndiyo kazi yako yote.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Kuna walalamishi ambao wana haki. Mama aliyeondolewa kwenye orodha ya mishahara akiwa mjamzito. Mlinzi aliyesimamishwa kazi, kisha akasahaulika, bila mshahara wala kikao. Ukiwa na faili kama hiyo, kuitetea hadi mwisho ni kulidhuru bunge, kwa sababu riba inapanda na gharama zinapanda, na mtu mwenye watoto anasumbuka bure. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanishi, utumie. Peleka kwa bodi hesabu kamili ya kinachoweza kutolewa na jaji, iweke kando ya kiasi ambacho mlalamishi yuko tayari kupokea, kisha omba idhini ya kuelewana ili fedha ziingie kwenye bajeti ya ziada. Na siku ukimhoji kizimbani mtu aliyefanya kazi na wenzako, mhoji juu ya barua na tarehe. Usimdhalilishe. Mji wa kaunti ni mdogo, na heshima yake ni mali yake hata akishindwa.

Mkishindwa ninyi, mweleze karani ukweli mapema. Mali ya serikali ya kaunti haipigwi mnada, lakini mshindi atachukua cheti cha amri, ataomba mandamus, yaani amri ya kumlazimisha afisa alipe, na asipolipwa atarudi na ombi la kudharau mahakama. Anayetajwa humo kwa jina ni karani, kwa kuwa ndiye afisa mhasibu wa bunge, anayewajibika kwa fedha zake. Makarani wengi huja kulijua hilo wakati wameshaitwa wao binafsi kufika mbele ya jaji.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na wimbi la kesi ninaloliona kila baada ya uchaguzi hutoka ofisi za wadi. Meneja wa ofisi, msaidizi na mlinzi wanaajiriwa kwa kipindi cha mwakilishi wao. Anayeingia anakuja na watu wake. Wanaotoka wanadai waliahidiwa kuendelea. Mwombe karani mikataba yote ya wadi sasa. Angalia kila mmoja una tarehe ya mwisho na sahihi ya mfanyakazi, kiinua mgongo kimetajwa, na hakuna afisa aliyeandika barua inayogusia kuongezewa muda, maana barua hiyo ndiyo itakayozaa dai la matarajio halali, yaani kwamba alifanywa aamini ataendelea. Usiokuwa na sahihi urudishwe ukatiwe sahihi kabla muhula wa bunge haujaisha. Ilani za kumalizika kwa mikataba zitoke mapema, na mtu aliyepokea aandike kwamba amepokea, kwa mkono wake na tarehe.