Spishi au aina? Na *Panthera leo* huandikwaje?

Swali: Nahariri kitabu cha biolojia cha sekondari. Mwandishi ameandika "aina ya Panthera Leo wanaishi kwa makundi" (yaani simba), kwingine "P. leo" tangu mwanzo wa sura, na kwingine "Leo" peke yake. Nisahihishe lipi? Na je, spishi na aina si kitu kimoja?

Jibu: Si kitu kimoja. Aina ni neno pana, lafaa kwa viatu, kwa mawazo na kwa mbwa. Spishi ni daraja moja tu katika ngazi ya uainishaji: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Mbwa mkubwa wa kuwinda na yule mdogo wa kubebwa mapajani ni aina mbili, lakini spishi yao ni moja. Popo ni kinyume chake: jina moja la Kiswahili limebeba spishi zaidi ya 1,000. (Na ngeli hapo si ile ya sarufi. Kwa mwanabiolojia simba yumo katika ngeli ya mamalia, kwetu yumo katika A-WA. Kitabu cha shule kingefaa kulisema hilo mapema.)

Jina la kisayansi la spishi lina maneno mawili, mtindo ulioimarishwa na Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi. Majina ya mimea huhesabiwa rasmi tangu kitabu chake cha 1753, ya wanyama tangu 1758. Neno la kwanza, *Panthera*, ni jenasi na huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo, hata likitokana na jina la nchi au la mtu. Yote mawili hulazwa kwa italiki. Kwa kalamu, hupigiwa mstari chini.

Hilo la pili halisimami peke yake kwa sababu halimtambulishi kiumbe yeyote. Mwarobaini ni *Azadirachta indica*, mwembe ni *Mangifera indica*, mkwaju ni *Tamarindus indica*. Ukisema "indica" tu, msomaji ashike mti gani? Kwa simba hatari ni kubwa zaidi: "Leo huwinda usiku" ni sentensi safi ya Kiswahili inayosema jambo jingine kabisa.

Kufupisha jenasi kunaruhusiwa baada ya kulitaja jina zima mara ya kwanza, kwa hiyo "P. leo" mwanzoni mwa sura ni kosa. Angalia pia jenasi mbili zinazoanza kwa herufi moja. Katika sura ya mbu, "A." yaweza kuwa *Anopheles gambiae* anayeeneza malaria au *Aedes aegypti* anayeeneza kidingapopo. Andika *An. gambiae* na *Ae. aegypti*.

Sasa upatanisho. Neno kuu likiwa spishi, fuata I-ZI: "spishi ya *Panthera leo* inaishi kwa makundi", "spishi hizi mbili". Hakuna "maspishi". Jina la Kilatini likisimama lenyewe, lipatanishe na kiumbe chenyewe: "*Panthera leo* anaishi", "*Mangifera indica* unazaa". Usilitie kiambishi cha wingi; wingi wa simba usemwe kwa Kiswahili. Majina ya wanyama yaliyo juu ya jenasi, kama Felidae, huanza kwa herufi kubwa ila hayalazwi.

Ukikuta "*Panthera leo* (Linnaeus, 1758)", usiyafute mabano ukidhani ni pambo. Yanaeleza kwamba Linnaeus alimweka simba katika jenasi nyingine, akamwita *Felis leo*, kisha wengine wakamhamisha. Mnyama ambaye bado yumo katika jenasi aliyopewa tangu awali huandikwa bila mabano: *Felis catus* Linnaeus, 1758, yaani paka wa nyumbani.